Kujitambulisha Santa Fe: anza na swali lako

Hongera, mdogo wangu. Mwanafizikia kupata nafasi shule ya kiangazi ya mifumo changamani (yenye sehemu nyingi zinazoathiriana) ya taasisi ya utafiti ya Santa Fe Institute, Marekani, kisha kukwama kwenye aya ya kujitambulisha, naelewa kabisa. Orodha ya shahada iache. Utakaa na wanabiolojia, wachumi, hata wanaanthropolojia, na miradi hufanywa kwa vikundi. Wanataka kujua unahangaika na swali gani na mkono wako unaweza nini. Mfano: “Nachunguza foleni za magari kwa hesabu za mwendo wa gesi. Naandika programu kwa Python. Natafuta anayejua tabia za madereva.” Mlinganyo usiweke hata mmoja! Matokeo ambayo hayajachapishwa, muulize kwanza msimamizi wako. Halafu mji wa Santa Fe uko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kama una pumu, muone daktari kabla ya safari.