Baba anampiga mama, mdogo wangu ameanza kukojoa kitandani

Mwanangu wa Makorora, Tanga, pole sana. Unasema baba akirudi usiku anampiga mama, na mdogo wako wa miaka 9 ameanza tena kukojoa kitandani. Msimchape. Hiyo ni hofu, si uvivu. Mimi nilikua nikisikiliza hatua za baba mlangoni, naijua.

Usiingie katikati, utaumia. Mtoe mtoto, nendeni kwa jirani mnayemwamini. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Mama akikubali, msindikize Dawati la Jinsia na Watoto polisi, akachukue PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa, atibiwe hospitali ya Bombo. Wakimwambia “yamalizeni nyumbani”, nendeni ustawi wa jamii. Baba akimkaba mama shingo au kutishia kuua, ondokeni usiku huohuo.