Maswali na Majibu: Baada ya Upasuaji wa Utumbo wa Mtoto

Swali: Mwanangu alipasuliwa kwa ugonjwa wa Hirschsprung akiwa mchanga. Sasa ana miaka minne na bado anachafua nguo. Je, upasuaji umeshindwa?

Jibu: Huenda haukushindwa. Katika Hirschsprung, mtoto huzaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na seli za neva za kusukuma choo; daktari alikata sehemu hiyo, akaishusha ile yenye afya hadi kwenye njia ya haja kubwa. Kuchafua nguo huko kuna vyanzo tofauti: choo kigumu kilichojaa huku kile laini kikipenya pembeni, msuli wa kujizuia uliojeruhiwa, au kipande kisicho na neva kilichosalia. Dawa ya kulainisha choo humfaa mwenye choo kigumu, lakini huweza kumzidishia mwenye msuli uliojeruhiwa, kwa hiyo kuongezewa dozi bila hata kupigwa picha ya tumbo ni kubahatisha. Wengi hupata nafuu wakikua; hiyo si sababu ya kukaa nyumbani mkisubiri.

Swali: Je, dawa ya mchango inaweza kumponya asipasuliwe?

Jibu: Hapana. Swali hili linarudi kila mara na jibu halijabadilika: hakuna mzizi unaootesha neva. Mtoto mchanga ambaye hajapata choo cha kwanza ndani ya saa 48 apelekwe hospitali, wala asiingizwe maji ya mitishamba nyuma, kwa maana utumbo uliovimba hupasuka kwa urahisi.

Swali: Kidonda kimepona vizuri na mama mkwe anasema kliniki sasa inatosha. Tuendelee?

Jibu: Endeleeni. Kidonda mnachokiona si utumbo msiouona. Hata baada ya upasuaji uliofanikiwa mtoto anaweza kupata uvimbe mkali wa utumbo, hasa katika miaka miwili ya mwanzo: tumbo hujaa, homa hupanda, na choo chenye harufu kali hutoka kwa kishindo. Huku kwetu homa hudhaniwa malaria na kuharisha hudhaniwa maji machafu, na mtoto hurudishwa nyumbani na vidonge ilhali anahitaji dripu, antibiotiki na kuoshwa utumbo usiku huohuo. Kwa hiyo mwambieni mhudumu wa kwanza kabisa kwamba amepasuliwa kwa Hirschsprung, na karatasi ya upasuaji isikae kabatini. Mkifundishwa kumwosha utumbo nyumbani, tumieni maji ya chumvi mliyoelekezwa na hospitali. Maji matupu huvuruga chumvi ya damu ya mtoto mdogo.

Swali: Binti yetu alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Ataweza kujizuia?

Jibu: Inategemea utumbo uliishia wapi na mfupa wa kitako umekamilika kiasi gani. Ukiwa umeishia karibu na ngozi, matumaini ni makubwa, ingawa kufunga choo humsumbua. Ukiwa umeishia juu, anaweza kuhitaji kuoshwa utumbo kila siku, na kwa utaratibu huo huenda shule akiwa msafi. Ulizeni pia kama figo na moyo vimepimwa.

Swali: Mume wangu anasema ni chakula nilichokula nikiwa mjamzito.

Jibu: Si chakula. Ikiwa ni Hirschsprung, seli za neva za utumbo huteremka utumboni kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya mimba, na pale inapokuwa ya kurithi, hurithiwa hata kwa baba.