Muulize Afande Mstaafu: Trafiki naye anatetewa na nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mke wa trafiki, tunakaa Nyakato. Juzi kati mume wangu alibishana na dereva wa hiace pale Nyanguge. Abiria mmoja akarekodi, klipu ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa imekatwa mwanzo. Akaitwa kuandika maelezo, na nyumbani usingizi ukatukimbia. Mdogo wangu aliyeko Sacramento, Marekani, anasema huko askari wa barabara kuu wana chama chao, ukiitwa unaongozana na mtu wa chama. Hicho chama hasa kinafanya nini? Na kwa nini hapa hakuna? – Mama Neema, Nyakato

JIBU: Marahaba mama, poleni sana. Klipu za namna hiyo nazijua: afande anaonekana anafoka, matusi aliyotukanwa kwanza hayamo.

Mdogo wako hakukudanganya. Chama anachokisema ni cha askari wa doria wa barabara kuu za jimbo la California, na makao yake yako hukohuko Sacramento. Kilianzishwa 1920, wakati trafiki wa jimbo lile walikuwa bado wametawanyika kila kaunti na wake. Kikosi chenyewe cha jimbo kiliundwa 1929. Yaani chama ni kaka wa kikosi! Tangu sheria ya 1977 iliyowapa watumishi wa jimbo haki ya majadiliano ya pamoja, ndicho kinachokaa mezani na serikali kwa niaba ya askari hao. Tena kwenye mshahara hawaanzi kwa kulia njaa. Sheria ya jimbo inataka mishahara yao ipimwe kwa wastani wa vikosi vitano: polisi wa Los Angeles, San Diego, Oakland na San Francisco, pamoja na ofisi ya sherifu wa kaunti ya Los Angeles. Chama kina pia mfuko wa wajane na yatima, maana kazi ile inaua. Aprili 1970, pale Newhall, askari wanne wa kikosi hicho waliuawa kwa risasi ndani ya dakika chache.

Sasa hilo la kuitwa. Huko kuna sheria ya 1976 inayosema askari akihojiwa kwa jambo linaloweza kumletea adhabu, aambiwe kwanza anachunguzwa kwa lipi, ahojiwe saa za kawaida, wasimuulize zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja, na awe na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe. Haki imetoka kwenye sheria. Chama kinaleta mtu anayeijua sheria hiyo na asiyemwogopa bosi. Wapo raia wanaolalamika kwamba vyama vya polisi kule vinamkingia kifua hata aliyekosa kweli, na siwezi kuwaambia wanazusha.

Hapa kwetu sheria ya polisi inakataza askari kujiunga na chama cha wafanyakazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imewaweka kando Polisi, Magereza, JWTZ na JKT. Mwalimu ana CWT, mumeo ana mnyororo wa amri, na akitaka mkopo ana URA SACCOS. Mimi sitaki polisi wagome; siku trafiki wakigoma, Mwanza hadi Magu hapapitiki. Lakini askari kukaa na mwenzake anayejua kanuni wakati anaandika maelezo, hapo nidhamu inavunjika wapi? Sijawahi kupata jibu la kuniridhisha.

Kwa sasa mwambie aandike kwa mfululizo: saa, mahali, namba ya hiace, kosa alilolisimamishia gari, nani alikuwa naye zamu. Aombe kubaki na nakala. Mtafuteni abiria mwenye video nzima, huwa hakosekani. Na wewe mama, usiingie kwenye yale magrupu kumtetea. Utaandika neno moja la hasira nalo lipigwe picha liongezwe kwenye jalada.

SWALI: Afande, chama cha aina hiyo kikianzishwa kinaweza kunifutia faini za tochi? – Dereva, Igoma

JIBU: Wewe nawe! Hata kule Marekani chama hakikamati mtu wala hakifuti faini, hiyo ni kazi ya kikosi na mahakama. Wapo wanaobandika stika za vyama vya polisi kwenye gari wakidhani watapitishwa. Stika haizuii tochi kusoma. Elfu thelathini yako ipo kwenye mfumo, chukua namba ya malipo ukalipe, na ukifika Kisesa penye kibao cha hamsini punguza mwendo.