Rangi za mkazo kwenye kioo: usiamini upande mmoja

Kuona mkazo, yaani nguvu za ndani zinazokivuta au kukigandamiza kitu, ndani ya kitu angavu hakuhitaji maabara kubwa. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya LCD, ambayo mwanga wake tayari hutetema upande mmoja tu. Weka mbele yake kichujio cha polarisheni (kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu), hata kioo cha miwani ya jua ya aina hiyo, ukizungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Pitisha rula ya plastiki katikati, uipinde kidogo: rangi zitahama. David Brewster aliuona mkazo ukijionyesha hivi kwenye kioo katika miaka ya 1810.

Wanafunzi wengi huishia kwenye kushangilia rangi. Mimi huwapa kipande bapa cha kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama cha dirisha la ubavuni mwa gari. Ukikitazama usoni, karibu hakuna kitu, labda madoa tu yaliyoachwa na hewa ya kupozea. Lakini kioo hicho kimejaa mkazo! Nyuso zake zimegandamizwa, katikati kunavutwa, na mwanga ukipita hadi upande wa pili hivyo viwili vinafutana. Rangi ni jumla ya yote yaliyokutwa njiani. Tena inaonyesha tofauti ya mikazo miwili iliyokingama na mwanga, si ukubwa wa kila mmoja.

Kwa hiyo, kitu kikiwa na umbo nene au mviringo, kizungushe na ukipime kwa pembe nyingi. Kabla ya hapo kizamishe kwenye kimiminika kinachopinda mwanga sawa na chenyewe, la sivyo kingo zitautawanya. Bikari ya borosiliketi, kioo kinachostahimili joto, hutoweka kabisa kwenye mafuta ya kupikia. Kioo cha kawaida kinataka mafuta ya karafuu, ambayo ni ghali na harufu yake haiondoki mezani upesi. Usiyatumie kwa plastiki, maana huila. Njia hii ya kuzamisha, pamoja na hesabu, ndiyo watafiti wa Tallinn, Estonia, na wenzao waliyotumia mwaka 2016 kwenye matone ya Prince Rupert, yaani matone ya kioo kilichoyeyuka yanayopozwa ghafla majini, wakakuta mgandamizo wa hadi megapaskali 700 (karibu mara 7,000 ya kani ya hewa) karibu na uso.

Kama unaweza kutengeneza nakala ya kitu chako kwa epoksi, plastiki angavu inayogandishwa, ipo njia ya Oppel ya mwaka 1936, na kwa maumbo magumu naipenda zaidi. Pasha nakala moto kwenye oveni, itwishe mzigo, iache ipoe polepole sana mzigo ukiwa juu yake. Mkazo unabaki umeganda humo hata ukikata vipande vyembamba ili ukitazame kila kimoja peke yake. Kata taratibu, na kipozeo kikitiririka, kwa sababu joto la msumeno huleta mkazo wake. Na kwenye unyevu wa pwani yetu, piga picha za vipande siku hiyohiyo: epoksi hunyonya maji, na kingo zikaanza kuonyesha rangi ambazo mzigo wako haukuziweka.