Unaanza masta ya metali na gesi? Uso wa chuma hautulii

Nyinyi mnaoanza masta hapa Kampala na supavaiza kawapa topiki ya gesi juu ya metali, ngoja niwaambie mapema. Ile picha ya kitabuni, atomu zimepangwa sawasawa halafu gesi inakuja inatua juu yake kama haijagusa kitu, isahau. Gesi ikishika inasukuma atomu za metali, wakati mwingine safu nzima inahama.

Chukueni platinamu (100), hizo namba za mabano zinasema kristali imekatwa upande gani. Ikiwa safi kabisa, safu ya juu inajibana yenyewe, inakuwa na atomu kama asilimia 20 zaidi ya safu ya chini, ni ile taksi ya Old Park konda anasukuma mtu wa nne kwenye siti ya watatu. Ikija kaboni monoksidi, yule wa ziada anashuka: safu inarudi mraba na atomu zilizobaki zinajikusanya juu kama visiwa vidogo. Kwa nini? Kwa sababu monoksidi inashika kwa nguvu zaidi kwenye ule mpangilio wa mraba, na nishati inayopatikana hapo inalipia gharama ya kuhama. Hesabu ni hiyo tu, nani analipa na analipa kiasi gani.

Platinamu (110) ndio tamu zaidi, mimi naipenda sana. Ikiwa safi, juu inakosa mstari mmoja wa atomu kila baada ya mmoja, wanaiita 1x2 maana mpangilio unajirudia kila baada ya mistari miwili, monoksidi ikijaa inarudi 1x1, mistari yote ipo. Sasa oksijeni inashika vizuri zaidi kwenye 1x1, kwa hiyo inaingia, inaichoma monoksidi, uso unabaki mtupu unarudi 1x2, monoksidi inajaa tena, mzunguko unaendelea hivyo hivyo na spidi ya riaksheni inapanda inashuka yenyewe. Gerhard Ertl wa Berlin alipata Nobel ya kemia 2007 kwa kazi za namna hii.

Hapa kwetu wengi mtafanya DFT, yaani kupiga hesabu za elektroni na nishati kwa kompyuta, maana mashine ya STM, ile hadubini ya kuona atomu, ni pesa nyingi mno, lakini Quantum ESPRESSO, programu ya DFT, ni ya bure. Basi sikilizeni: ukiweka selo (kile kipande cha uso ambacho kompyuta inakirudia) ya 1x1, ule uso wa 1x2 hautatokea hata usubiri mwaka mzima, maana umeuzuia mwenyewe, kila mstari unalazimika kufanya kile jirani yake anafanya. Anza na 1x2, ikiwezekana kubwa zaidi. Ndiyo, ukidabo atomu kazi inaweza kuwa nzito karibu mara nane, ndio maana uongee na supavaiza kuhusu seva kabla ya kuandika proposo. Fungia safu mbili za chini, za juu ziache zicheze, na usilinganishe nishati za slabu (vile vipande vyembamba vya metali unavyovipigia hesabu) zenye idadi tofauti ya atomu bila kuhesabu zile zilizohama zimeenda wapi, watu wengi wanaangukia hapo.

Jambo lingine: kwenye platinamu (111) DFT ya kawaida, kwa mfano ukitumia fomula ya makadirio inayoitwa PBE, inaiweka monoksidi kwenye shimo katikati ya atomu tatu, wakati maabara inaonyesha inakaa juu ya atomu moja. Hili linajulikana tangu 2001, kwa hiyo ukiliona usianze kufuta faili zako usiku.

Na umeme ukikatika hovyo kwenu, gawa kazi vipande vifupi kwa max_seconds, programu inajisimamisha vizuri sekunde ulizoweka zikiisha, kesho yake unaendelea na restart.