Usikimbilie Miwani

Juzi usiku dada mmoja wa Kisauni, mimba ya wiki 31, aliniandikia: "Dada, naona vimulimuli mchana kweupe. Nikapime macho?" Nilikuwa nageuza mahamri, yakaungua mawili. Swali hilo mimi nilijijibu vibaya kwenye mimba yangu ya pili.

Nashona kofia za viua. Aijuaye kazi hii anajua: vitundu vidogo kama punje ya mtama, sindano nyembamba, na hesabu isipotee. Nilikuwa na oda ya bwana harusi, zimebaki siku tisa, mimba ya wiki 34. Vitundu vikaanza kuungana. Kisha zikaja nyota, upande wa kushoto, zinashuka kama magamba ya dagaa juani.

Mama mkwe akasema ni kijicho, akaniandikishia kombe. Nikanywa, simlaumu. Kliniki, muuguzi akasema ni uchovu, wala hakunipima presha. Hilo bado linaniuma, nisiseme uongo. Basi mimi na akili zangu nikaenda mjini, nikanunua miwani ya shilingi 6,500. Nikavaa, vitundu vikazidi kuungana.

Siku ya tatu, ndani ya feri ya Likoni, kichwa kilitaka kupasuka. Mama mmoja mwenye kikapu cha maembe akanishika mkono: "Mwanangu, uso umekuvimba hivi tangu lini?" Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali. Presha 172 kwa 114, mkojo una protini: priklampsia, ile presha ya mimba.

Ya mapokezi nayaruka. Aliyenifumbua ni daktari wa macho. Alinitia matone ya kupanua mboni, akainama na kitaa chake mpaka nikasikia pumzi zake. Akasema vimishipa vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, vimejikaza. Kwa kawaida upana wa ateri, mishipa inayoleta damu, kwa veni, inayoirudisha, ni kama 2 kwa 3. Ateri zangu zilikuwa zimesinyaa chini ya hapo, na pana vidoa vyeupe kama pamba, palipokosa damu ya kutosha. Nilimwelewa papo hapo: ukiuvuta uzi kupita kiasi, kitambaa hukunjamana. Kwenye jicho, akasema, mishipa midogo huonekana bila kupasua mtu, na ikibana hapo huenda imebana kwenye figo, ubongo na kondo la nyuma pia. Miwani ingenisaidia nini?

Nikatundikiwa dripu ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, joto lake utadhani nimemeza makaa. Nikajifungua usiku ule, mtoto wa kilo 1.9. Leo anapanda madirisha. Kofia akaimalizia wifi yangu, na nusu ya pesa akabaki nayo. Macho yalitulia baada ya wiki tatu hivi. Wengi hupona wakishajifungua, ila kuna ambao maji hujikusanya chini ya retina ikabanduka, na hao lazima wafuatiliwe.

Sasa nisikizeni, mashoga zangu. Najua mnataka ninachotaka mimi: mtoto mzima, na kazi isisimame. Pimeni presha. Kila kliniki, uambiwe namba, uiandike. Baada ya wiki 20, ikifika 140 kwa 90 usirudi nyumbani kimya. Ukiona nyota au kiwi, pima presha. Kichwa kisichosikia dawa, maumivu chini ya mbavu za kulia, pima presha. Hata ukishajifungua, mpaka wiki ya sita, pima. Muuguzi akikwambia ni uchovu, mwambie, "Sawa dada, lakini nipime." Upole wetu huu wa kuogopa kusumbua watu utatuzika! Na aliyewahi kupata tatizo hili, mimba nyingine aende mapema akamuulize daktari kuhusu aspirini ya kiwango kidogo, maana huanzwa kabla ya wiki 16. Msijinunulie wenyewe dukani.

Yule dada wa Kisauni alipimwa asubuhi kwenye duka la dawa: 150 kwa 100. Akaniuliza kama anaweza kumsubiri mumewe atoke zamu ya bandarini, saa kumi. Nikampigia simu badala ya kuandika. Nilimwambia apande tuktuk sasa hivi, na mume atamkuta huko huko hospitali.