Njaa siisikii, shibe siisikii

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 24. Tangu nivalishwe pete nimeacha wali, chapati na maandazi ili nipungue kabla ya sendoff. Mchana nashindia chai kavu na matango. Usiku wenzangu wakilala naingia jikoni, nakula kiporo cha wali kwenye sufuria, nimesimama, mpaka tumbo linauma. Kesho yake nafunga. Nimesoma mtandaoni kwamba nile nikisikia njaa na niache nikishiba. Nimejaribu, siisikii njaa wala shibe. Nina kasoro gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kasoro huna, una njaa ya muda mrefu. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wa kiume wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Wengine wakawa wanashinda na vitabu vya mapishi! Walipofunguliwa, wapo waliokula mpaka wakaugua, na bado wakataka zaidi. Sufuria yako ya usiku ndiyo hiyo hiyo.

Njia uliyoisoma waliiandikia kitabu wataalamu wa lishe Evelyn Tribole na Elyse Resch mwaka 1995, na ina kanuni 10. Mtandaoni huwa wanakupa mbili tu, njaa na shibe. Ya kwanza kabisa ni kuachana na dayati, na wewe bado umo.

Kwa sasa kula kwa saa. Asubuhi chai na kitafunwa, usikie njaa usisikie. Mchana wali urudi, na maharage na mboga, kwenye sahani, umekaa na wenzako. Saa kumi jioni muhogo au ndizi, kisha chakula cha usiku. Ukiteleza ukaingia jikoni, asubuhi kunywa chai yako na andazi kama kawaida, maana kufunga ndiko kunakokurudisha kwenye sufuria. Njaa na shibe huanza kusikika polepole mwili ukishazoea kwamba chakula kinakuja. Hapo ndipo uanze kuusikiliza.

Ila kama unajitapisha, unazirai, moyo unakwenda mbio au siku zako zimekatika, usisubiri majibu ya jarida. Nenda hospitali, mweleze daktari yote, la sufuria nalo usilifiche, na uombe kuonana na mtu wa lishe na wa saikolojia.

Gauni? Fundi apime mwili ulio nao leo, na aache upindo wa kutosha.